Pasipoti Moja, Masanduku Mawili ya Kura

Mei 2022, nikiwa mwanafunzi Mkenya nchini Uingereza, nilipiga kura yangu ya kwanza ugenini, na wala haikuwa ya Kenya. Kadi ilikuja tu kwa posta, jina langu limeandikwa lote mpaka lile la katikati ambalo hata walimu wa huku hulikwepa, nikadhani ni bili ya maji ama mambo ya kodi, kufungua naambiwa niende ukumbi wa kanisa uliopo mtaa wa pili nikamchague diwani wa jiji la Leeds. Nilienda na ndara. Dakika tano kwenda, dakika tano kurudi, chai niliyoiacha mezani haijapoa.

Miezi mitatu baadaye, Jumanne tarehe 9 Agosti, zamu ya kumchagua rais wa nchi yangu mwenyewe ikafika, na hapo ikabidi nipande basi la usiku hadi London, karibu kilomita 300, nimebeba mkate na ndizi mbili kwa begi. Na hiyo ilikuwa safari ya pili. Ya kwanza nilienda mwanzoni mwa mwaka kujiandikisha, manake alama za vidole hazitumwi kwa barua pepe.

Tangu siku hiyo watu huniuliza, hasa wadogo zangu wanaokuja kusoma, kama inafaa kusumbuka. Mi huwa nashindwa kuwajibu kwa sentensi moja. Si kwamba sijali, ni kwamba hii kitu ina nyuzi nyingi zimefungana, na ukivuta mmoja mwingine unakaza. Acha nijaribu kuzifungua.

Tuanze na hiyo ajabu ya Leeds. Sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi huku kihalali kupiga kura, na si ya udiwani peke yake, hata ya ubunge. Kwa hiyo Mkenya, Mtanzania, Mganda, na Mnyarwanda pia tangu nchi yake iingie Jumuiya mwaka 2009, wote wanaweza kumchagua mbunge wa Uingereza wakiwa na viza ya uanafunzi tu. Mrundi na Mkongo hawamo. Kujiandikisha ni fomu ya onlaini isiyomaliza hata kikombe cha chai, na wengi wetu tuliijaza kwa sababu mtu alituambia inasaidia ukitaka kuchukua simu kwa mkopo, demokrasia baadaye. Siku hizi lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika. Yaani pasipoti ileile ya Kenya niliyoibeba mpaka London kumchagua rais wa Kenya, niliionyesha tena mtaani kwangu tarehe 4 Julai 2024 kumchagua mbunge wa Waingereza, na karani wala hakuitazama mara mbili.

Sasa upande wa kwetu. Katiba ya 2010 inasema kila raia mtu mzima ana haki ya kuandikishwa na kupiga kura, Kifungu cha 38. Halafu ukienda Kifungu cha 82 unakuta Bunge limepewa kazi ya kutunga sheria ya kuwaandikisha raia walio nje "hatua kwa hatua". Hayo maneno matatu ndo kila kitu. Watu walienda mahakamani kuyapinga, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 majaji wakakubali kwamba haki ipo lakini utekelezaji wake unaweza kwenda pole pole kulingana na uwezo. Na kweli imeenda pole pole. Mwaka 2013 vituo vya nje vilikuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi pekee, walioandikishwa 2,637. 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, wakafika 4,393. 2022 nchi zikawa 12, ndo Uingereza, Ujerumani, Marekani, Canada, Qatar, Falme za Kiarabu na Sudan Kusini wakaingia, na jumla yetu sote ikawa 10,443. Kwenye nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 22! Ukiwa mwanafunzi India, China au Australia hukuwa na pa kwenda. Saudia pia haikuwemo, na sote tunajua dada zetu wangapi wako kule. Serikali yenyewe ikitaja Wakenya walio nje husema zaidi ya milioni 3, kwa hiyo hao elfu kumi ni kama chumvi iliyomwagwa baharini.

Mtu atauliza, si watume kura kwa posta tu kama wenzao, ama wapige kwa simu, si tunalipa kila kitu kwa simu? Hapa mi sicheki na mtu, kwa sababu najua tulikotoka. Uchaguzi wa Kenya umesimama juu ya jambo moja, kila mtu aone. Kura zinahesabiwa palepale kituoni mbele ya mawakala, Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, inajazwa, inabandikwa mlangoni, watu wanaipiga picha. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais na shida kubwa ilikuwa kwenye fomu na jinsi matokeo yalivyosafirishwa. Sasa hebu fikiria bahasha imetoka Poland imekaa kwa posta wiki tatu, wakala gani aliisindikiza? Nani atamwambia mtu wa Kondele au wa Nyeri kwamba bahasha elfu hamsini zimewasili usiku na asishtuke? Mi mwenyewe ningeshtuka. Kwa hiyo ule usumbufu wa kwenda mwenyewe mguu kwa mguu unaudhi, lakini ndo unaofanya kura iaminike. 2022 nilirudi Leeds nikaingia kwa tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, kati ya fomu za vituo 46,229 nikaitafuta ya London, nikaipata, nikaitazama ile namba muda mrefu nikijua mmoja humo ni mimi. Sijui kama bahasha ingenipa hiyo raha.

Lakini mpaka hapa sijagusa kinachoniuma, na hiki ndo watu wengi hawaambiwi wanapoandikishwa.

Ukiwa nje unapiga kura moja tu, ya rais. Nyumbani unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Sababu inaeleweka, kuna wadi 1,450 na maeneo bunge 290, huwezi kuchapisha karatasi za wadi zote ukazipeleka London kwa sababu labda atatokea mtu mmoja wa Likoni na wawili wa Moyale. Sawa. Ila sajili ni moja, huwezi kuwa sehemu mbili. Kama ulishaandikishwa nyumbani, ukitaka kupiga kura ng'ambo unahamisha jina lako, na ukishalihamisha zile karatasi tano umeziaga. Hata ukirudi ghafla Agosti, na wanafunzi wengi Agosti ndo mwezi wao wa kuwa nyumbani, utakaa barazani uwatazame wenzio wakienda kwenye foleni.

2017 nilipiga nyumbani, nilikuwa foleni kwenye shule ya msingi tangu saa kumi alfajiri, nimeshika zile karatasi za rangi rangi nikiogopa nisije nikatia ya kijani kwa sanduku la buluu. 2022 nikahamia London. Mama aliponisikia hakuuliza habari za rais hata kidogo, aliuliza, "Sasa MCA nani atakuchagulia?" Nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Manake hebu tuwe wakweli, nani amenigusa mimi kama mwanafunzi? Karo yangu ya sekondari ililipwa nusu na basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hiyo ni ofisi ya mbunge. Fomu ya basari ya kaunti mdogo wangu aliichukua kwa ofisi ya MCA. Taa ya barabara anayopita mama akitoka sala ya alfajiri ni ya kaunti. Rais namuona kwa televisheni. Kwa hiyo sheria inayonipenda mimi mwananchi wa mbali imenipa kura ya mtu aliye mbali nami zaidi na kunichukulia za wale walio karibu.

Halafu ikaja Juni 2024. Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, vijana wa rika letu barabarani, tarehe 25 wabunge wakaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, mchana huohuo watu wakaingia Bungeni, wengine wakapigwa risasi wakafa, kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Mi nilikuwa maktaba, kitabu kimefunguka ukurasa uleule kwa masaa manne, naangalia simu. Orodha ya majina ya waliosema ndio ilianza kuzunguka kwenye magrupu na kila mtu akawa anamtafuta mbunge wake, huyu ndo wangu, 2027 tutaonana. Mi nilitafuta wa kwetu nikampata, halafu nikakumbuka kwamba si wangu. Kwenye karatasi za IEBC mi ni mtu wa diaspora, ule mstari wa 48 unaokuja baada ya kaunti 47, na diaspora haina mbunge. Siku tisa baadaye nikaenda ukumbi wa kanisa nikamchagua mbunge wa Leeds. Mbunge ninaye, ila ni wa watu wengine.

Kuna nchi zimelifikiria hili. Ufaransa ina wabunge 11 wanaochaguliwa na Wafaransa waishio nje, Senegal wametenga viti 15 vya diaspora. Sisemi tufanye hivyo, bunge letu si dogo na mishahara yao tunaijua.

Basi hebu tuje kwa lawama, kwa sababu ukipiga kura kutoka nje lawama lazima. Ami yangu hulisema wazi kwenye grupu la familia: nyinyi mnapiga kura mnalala, sisi ndo tunabaki na matokeo. Na ami yangu ana haki ya kusema, 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, alikuwa Eldoret, aliondoka na shati alilovaa. Watu zaidi ya 1,100 walikufa ile miezi. Ukishasikia mtu kama huyo akiongea hukimbilii kumtajia vifungu vya katiba, unanyamaza. Ni kweli kwamba mi nikimchagua mchochezi nikiwa huku, jiwe halitafika dirishani kwangu. Na ni kweli pia kwamba nchi ninayoiona kwa simu si nchi yote, naona video ya sekunde thelathini na mtu amepiga kelele juu yake, bei ya unga nasikia kwa mama, siku nyingine naisahau.

Lakini mwanafunzi si mtu aliyehama, hapa ndo huwa natofautiana na ami. Karo yangu inatoka nyumbani kwa shilingi na inafika huku kwa pauni. Agosti 2022 nilipopiga kura pauni moja ilikuwa kama shilingi 145. Kufika Januari 2024 ilishapita 200. Awamu moja ya karo ya pauni elfu tano ilipanda kutoka kama laki saba na ishirini hadi zaidi ya milioni, na mzee hakuongezewa hata shilingi kwa pensheni yake. Sisemi rais ndo alishusha shilingi peke yake, kuna dola, kuna madeni, kuna mambo mengi, ila mtu asiniambie matokeo ya kule hayanifikii. Yalinifikia kabla hayajamfikia ami, yeye ananunua sukari kwa shilingi.

Kuna na ile hoja nyingine ya watu wa diaspora, tunatuma pesa kwa hiyo tunastahili kura. Kweli pesa ni nyingi, mwaka 2024 zilizotumwa Kenya zilikuwa karibu dola bilioni 4.9, na wanasiasa wakija London wanaanza na hiyo namba kabla hata ya salamu. Mi hoja hiyo siipendi. Kwanza mi mwanafunzi situmi, natumiwa. Pili, ikiwa kura inanunuliwa kwa kutuma pesa, basi na yule asiye na cha kutuma tumnyime? Kura ni ya raia, mwenye pesa na mwenye deni. Tukianza kuipimia mizani hatutapenda itakapofikia.

Na je, inabadilisha chochote? Hesabu yake ni tamu kidogo. 2022 Ruto alipata 7,176,141 na Raila 6,942,930, tofauti 233,211. Elfu kumi zetu hata zingeenda zote upande mmoja, pale pale. Lakini kumbuka ushindi wa duru ya kwanza unataka zaidi ya nusu ya kura halali, na Ruto alipata asilimia 50.49. Ukipiga hesabu, kura kama 139,000 zaidi za kwenda kwa wengine zingempeleka duru ya pili. Katika hao milioni 3 wanaosemwa, hiyo si hata mmoja kwa ishirini. Kwa hiyo anayesema kura za nje ni mapambo yuko sawa kwa leo, kwa idadi ya vituo vilivyopo. Na labda ndo sababu nyingine ya hizo hatua kwenda pole pole, hilo ni wazo langu tu, hakuna mwanasiasa anayependa kundi la watu asiloweza kulifikia na lori la spika.

Wakati mi nalalamika hivi, mwenzangu ninayeishi naye nyumba moja, Mtanzania, mtu wa Tanga, huwa ananitazama tu. Yeye hana hata hiyo moja. Tanzania anayeishi nje hana utaratibu wa kupiga kura kabisa, unapiga kwenye kituo ulichoandikishwa, basi. Rwanda wenzetu waliwaandalia walio nje siku yao, tarehe 14 Julai 2024, siku moja kabla ya wa nyumbani, Kongo nao Desemba 2023 walifungua kwa nchi tano. Yeye bure. Julai 2024 tulienda pamoja pale kanisani na akapiga kura yake ya kwanza maishani, ana miaka ishirini na tisa, 2020 alikuwa kazini mkoa mwingine mbali na alikoandikishwa. Alitoka nje akasimama kwenye ngazi akasema, "Kaka, yaani mimi kura yangu ya kwanza nimempa Mzungu." Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Oktoba 2025 hakucheka. Tarehe 29 ilikuwa uchaguzi wao, intaneti ikazimwa, na siku kadhaa hakumpata mama yake. Usiku alikuwa anatembea jikoni, anachemsha maji halafu hayanywi. Hakuna kura ya kumchagua mtu aliyokuwa anaitaka wakati ule, alitaka simu iite tu. Siku ile ndo nikaacha kumwambia wanafunzi wa nje tuna bahati ya kuangalia mambo kwa utulivu.

Kwa hiyo mdogo wangu akiniuliza kama ahamishe jina, siku hizi namuuliza kwanza yeye: Agosti utakuwa wapi? Uchaguzi wa Kenya haubadiliki, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama kozi yako ni ya mwaka mmoja na utakuwa umerudi, usiguse jina lako, liache wadi yenu. Kama una miaka minne na tikiti ni ndoto, na kituo kipo mji unaoweza kufika na kurudi kwa siku, hamisha, kura moja ni bora kuliko karatasi sita zinazokungoja bila wewe. Omba ruhusa kazini mapema, huku Jumanne hiyo si sikukuu. Na kama nchi uliyopo haina kituo, usijione msaliti.

Mimi sasa nataka kurudisha jina langu nyumbani. Inabidi uende mwenyewe, na Desemba niko Mombasa wiki tatu. Nilimpigia mama kumwambia, nikidhani atafurahi kwamba safari hii MCA atapata kura yangu. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama tikiti niliyokata ni ya kwenda na kurudi.